Chakula Nilichokiacha Kwenye Kichuguu

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Reli ilikuwa imeshafika Korogwe, njaa ya nzige huku Handeni ndiyo kwanza inaisha, na mimi nilikuwa mke kijana mwenye mimba ya kwanza. Mume wangu alichukuliwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Nilibaki na woga wangu, nao ulikuwa mkubwa kuliko tumbo.

Tuliishi kando ya misheni ndogo ya Kikatoliki. Baada ya njaa ile padri aliweka desturi: kila nyumba ya Mkristo imtunze maskini mmoja, naye ale kutoka chungu kile kile cha nyumba, si makombo. Dini ya maskini hakuiuliza. Mimi nilipewa Mzee Mdoe, Mwislamu wa Sindeni, mgonjwa wa ukoma, aliyekaa peke yake kwenye kibanda porini.

Kusikia jina lake niliingiwa na hofu. Bibi yangu alinifundisha kwamba mwenye mimba hamtazami mtu mwenye kilema, mtoto asije akazaliwa nacho. Katekisimu nilikuwa nimeikariri yote, lakini miiko ya bibi ilinitangulia kuingia kichwani.

Basi nikafanya ujanja. Bibi huyo huyo, akipeleka chakula cha mizimu njia panda, alikiweka chini, akakohoa kuwajulisha, kisha akaondoka bila kutazama nyuma. Nami nikamfanyia hivyo Mzee Mdoe. Palikuwa na kichuguu, hatua kama mia kutoka kibandani. Kila asubuhi niliweka pale bakuli la bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, nikakohoa kwa nguvu, nikakimbia nimeshika tumbo. Kesho yake nililikuta bakuli limelambwa likang'aa. Nikajipongeza kwamba mzee wangu anakula vizuri. Mara mbili nilidhani nasikia sauti, nikaongeza mwendo.

Kazi hiyo ya huruma aliisimamia Mama Monika, mwanamke mtu mzima ambaye utotoni alikuwa mtumwa, mapadri wakamkomboa huko pwani. Siku ya tano aliniuliza, "Mzee wako hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu na kukushukuru."

Yaani nilimtungia mpaka salamu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kichuguu.

"Basi kesho twende wote," akasema. "Na mimi nimjulie hali."

Tulipofika nikamwambia, "Hapa ndipo ninapomwekea." Mama Monika akainama, akatazama vumbi. Nyayo zilikuwa nyingi, na hata moja haikuwa ya mtu. Juu ya kichuguu alikaa nyani dume, ametulia, anangoja tuondoke ale kama alivyozoea.

Ukoma niliusahau. Sasa niliogopa kukuta maiti mle kibandani, maiti niliyoiua mimi.

Mama Monika akaniongoza mpaka mlangoni pa kibanda, wala hakupaza sauti. "Mimi padri hakuniwekea chakula njiani. Alinikuta na vidonda vya minyororo, akaniosha kwa mikono yake. Na yule mkoma, Bwana Yesu alimgusa kwanza, ndipo akamponya. Wewe umemfanya mtu hai kuwa mzimu. Ingia."

Nikaingia. Mzee Mdoe alikuwa amelala chini. Ukoma ulikuwa umeondoa hisia miguuni, akakanyaga makaa asijue, na kidonda kikamlaza tangu kabla sijaanza kuja. Maji ya mtungini ndiyo yaliyomweka hai. Macho yalikuwa wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe unayekohoa?"

"Ndimi."

"Nilikuwa nakuita, binti yangu. Nikadhani husikii."

Nilimshika kichwa kwa mikono hii unayoiona, Mama Monika akamnywesha uji. Aliishi siku mbili tu. Ndugu zake wa Sindeni walimzika kwa dini yao, padri akasimama kando, kofia mkononi. Mtoto wa mimba ile alipozaliwa nilihesabu vidole vyake, vyote kumi vya mikono na kumi vya miguu. Nililia, wala haikuwa kwa furaha.

Mwanangu, hujafa hujaumbika. Wazee walisema kutoa ni moyo, nami naongeza kwamba moyo ukibaki nyumbani, mkono peke yake haufiki. Ukimpelekea maskini chakula, ingia ndani. Mwite kwa jina lake, kaa mpaka ameze. Kama unaogopa, ingia na woga wako hivyo hivyo. Mimi niliingia na wangu, haukuniua. Aliyekufa ni yule niliyemkimbia.

Sasa miguu yangu nayo imegoma. Asubuhi nasikia sahani ikiwekwa mlangoni, mtu anakohoa, kisha hatua zinaondoka. Najua mna shughuli, siwalaumu. Ila kila nikisikia kikohozi hicho baridi inaniingia mwili wote, na sina wa kumlalamikia.

Kwa hiyo kesho usikohoe, mwanangu. Ingia. Mungu akupe mkono usioogopa kugusa, akupe na watoto wenye masikio, na siku utakayoita wewe, asikose mtu wa kugeuka.