Mwisho Nilioutunga Ghalani

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ingekuwa ya kutisha, watu wa Msambweni wangeiacha palepale ghalani wakaenda zao. Lakini kitu kilichokuchekesha hukiachi. Unarudi nacho nyumbani, unawasimulia waliokosa kuja, na kila ukisimulia unazidi kukiamini.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Mimi nilikuwa mwalimu, mgeni kazini, na mwenyekiti wa kamati ya shule yetu alikuwa tajiri mmoja aliyefanya biashara ya mbata. Yeye ndiye aliyelikubalia gari la sinema litumie ghala lake, Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa ukutani, watu wakabanana sakafuni katika ile harufu ya nazi kavu. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Siku hizo alihitajika mtu wa kusimama kando ya shuka awaeleze watu kwa Kiswahili, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Hadithi ilikuwa ya wapelelezi wawili wa kukodiwa, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Niliwaita askari kanzu, kisha nikalazimika kueleza kwamba hawa si wa serikali, mwenye fedha zake yeyote huweza kuwaita. Waliitwa katika jumba la bibi aliyepotelewa na mkufu wa lulu. Mnene akakwama dirishani, mwembamba akajificha kabatini akapiga chafya, mwisho wakakamatana wenyewe kwa wenyewe. Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nikavimba kichwa. Pale nisipokielewa Kiingereza chao cha puani nilitia maneno yangu, na watu wakacheka zaidi.

Karibu na kumalizika, wapelelezi waliwakusanya watu wote wa jumba ukumbini ili wamtaje mwizi. Mnene akainua kidole, na papo hapo balbu ya mashine ikaungua. Mwenye mashine akasema hana nyingine. Watu wakaanza kupiga miluzi, na mimi, kwa kiburi cha kijinga, nikaendelea kusema gizani. Nikasema kidole kimemwelekea mpishi. Mpishi anatetemeka. Mkufu unatolewa kwenye pipa la unga. Sasa anafungwa pingu. Kwa nini mpishi? Sijui. Nilisema la kwanza lililonijia. Watu walipiga makofi, mlango ukafunguliwa, tukatoka.

Mamangu mdogo, aliyenilea baada ya mamangu kufariki, alikuwa ameketi mbele kabisa siku ile. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa tajiri yule.

Hazikupita wiki mbili, vipuli vya dhahabu vya mke wa tajiri vikapotea. Kwetu, kitu kikipotea, mwenyewe hutangaza kwamba atasomesha halbadiri. Kisomo hicho huogopwa kuliko polisi, maana humfuata mwizi popote alipo, na mara nyingi kitu hurudishwa kabla sheikh hajafungua kitabu. Hakuna anayenyoshewa kidole mbele za watu. Lakini tajiri hakutaka halbadiri. Aliwaketisha watumishi wake wanne mkekani, ukumbini, kisha akaagiza niitwe.

"Mwalimu," akaniambia, amekalia kiti alichokinunua kwa Mzungu aliyehama, "yule mnene alianzaje?"

Mama mdogo alikuwa karibu na mlango, buibui lake limejaa unga. Pipa lake la jikoni lilikuwa limekwisha kupinduliwa sakafuni, na hakikuonekana kitu.

"Mzee," nikasema, "balbu iliungua. Ule mwisho niliutunga mimi. Sikuuona, wala hakuna aliyeuona."

Wakacheka. Wallahi walicheka, kama walivyocheka ghalani. Tajiri akasema ni haki yangu kumtetea mamangu, lakini nisimfanye yeye mtoto mdogo. "Nilimwona kwa macho yangu haya mawili," akasema. "Amevaa aproni nyeupe, anafungwa pingu." Mkewe akaongeza kwamba mpishi alikuwa akilia. Mimi sikutaja aproni. Sikutaja kilio. Walikuwa wamekaa gizani wanatazama shuka tupu, na sasa wananifundisha nilichokitunga mwenyewe.

Mama mdogo akasema kwa utulivu, "Basi isomeni halbadiri. Nitakaa katikati, na kila aliyemo nyumba hii aketi nami."

"Halbadiri ni ya jambo lisilojulikana," tajiri akajibu. "Hili tumeshalijua."

Alifukuzwa kabla ya magharibi. Polisi hawakuitwa, maana wangeuliza ushahidi. Husemwa mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kupika pilau kwenye harusi zote za mtaani, na baada ya siku ile hakuna aliyemwita tena. Nilipita nyumba hadi nyumba nikieleza habari ya balbu. Walinikaribisha, wakanipa kahawa, wakaniitikia "ndiyo, mwalimu" kwa adabu zao zote, na nilipotoka nikawasikia wakisema kijana yule ana huruma na wazazi. Ningewapiga makofi mmoja mmoja. Vipuli havijaonekana hadi leo.

Mama mdogo alihamia Bongwe, akalima muhogo kwenye kipande cha ndugu yake. Nilimfuata huko kumwomba radhi. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza yote tangu ile balbu: kwamba hapakuwa na mpishi aliyekamatwa, hapakuwa na pingu, yalikuwa maneno yangu matupu gizani, na kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomfukuzisha. Alinisikiliza huku akimenya muhogo.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuiba, na Mungu anajua. Lakini usijitie dhambini kusema uongo kwa ajili yangu. Yule mpishi hata mimi nilimwona."