Uwanja wa Bi Verdelle

Mbele ya nyumba ya Bi Verdelle Gaskin hapakuwa na jani hata moja la nyasi, na kama hiyo ni aibu, aliyeiona hakuwa yeye. Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu, alitoka na fagio lake la vijiti vya msituni, vilivyofungwa kwa kamba, akafagia tangu barazani hadi barabarani, akirudi kinyumenyume ili asikanyage michirizi aliyoichora. Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake. Nyasi huficha nyoka, walisema, na mtu mvivu pia.

Alizaliwa humo mwaka 1933. Akaolewa humo, akamzika mumewe Roscoe kutoka mlango uleule, na miaka thelathini na mmoja alishona kola za mashati kiwandani mjini bila kuhamia mjini. Nyumba yenyewe aliijenga Isom Gaskin, babu wa baba yake, mwaka 1874. Isom alikuwa fundi wa dohani. Dohani nne za jumba la akina Whitlow, lile lenye kibao cha shaba langoni, alizijenga yeye akiwa bado mtumwa, mali ya watu. Kibao hakimtaji. Nyumba ya kwanza aliyojijengea mwenyewe ndiyo hii.

Basi mwaka 1999 kaunti ya Barlow ikataka kupanua barabara. Wakasema nyumba za kale zitaorodheshwa na barabara itazikwepa. Zisizo kwenye orodha zitabomolewa. Mkaguzi, bwana mmoja aitwaye Pruitt, akapita na gari lake. Kwa Bi Verdelle hakushuka. Alitazama dirishani akaandika: nyumba ya mbao, miaka ya 1930 hivi, uwanja mtupu, haina mtu. Saa hiyo mwenye nyumba alikuwa nyuma, anachuma mboga.

Habari alizipata kanisani, kwa waliosoma karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa mahakama. Mpwa wake Earnestine akapiga simu kutoka Atlanta kumsihi apande ukoka upesi na maua mawili matatu, nyumba ionekane ina watu.

"Nyasi ni za ng'ombe," Bi Verdelle akamjibu. "Mimi ng'ombe sina."

Siku ya mkutano wa kamati ya orodha Bi Verdelle alivaa kofia yake ya Pasaka, ingawa ilikuwa Oktoba, akakaa mstari wa mbele. Zamu yake ilipofika alimuuliza Pruitt kilichomfanya aandike kwamba yeye hayupo duniani.

"Mama, nisamehe," Pruitt alisema. "Niliona ardhi tupu, hata jani hamna. Nikajua watu walishahama."

"Umeona fagio limepita, ukajua watu wamehama. Kwenu hufagia nani, majini?"

Watu wakacheka, hata mwenyekiti, Bi Crump, ambaye si mwepesi wa kucheka. Lakini Pruitt hakutetereka kuhusu umri. Mbao zile zimepasuliwa kwa mashine, akasema, na mwaka 1874 mashine hiyo haikuwepo huku. Bi Verdelle alimwambia kwamba kanzu si mwili. Kama kamati ina miguu, ije Alhamisi.

Wakaja, Bi Crump na Pruitt. Bi Verdelle aliwasimamisha mbele ya baraza, palipokuwa na vipandio vitatu vya mawe.

"Hesabu," alimwambia Pruitt.

"Vitatu."

"Isom aliweka kimoja. Kile cha juu. Alikilaza sawasawa na udongo, mama yake aliyekuwa na mguu mbovu aingie bila kuunyanyua. Sasa niambie udongo ule umekwenda wapi."

Pruitt alitazama jiwe, akatazama fagio lililoegemea ukuta.

Basi Bi Verdelle akamsimulia. Fagio huondoa vumbi chembe kwa chembe, Jumamosi kwa Jumamosi. Babu yake Lucius alipoona watoto wanajikwaa kuingia, aliweka jiwe la pili chini ya lile la kwanza. Baba yake, Amos, aliweka la tatu mwaka 1947, na Verdelle mwenyewe ndiye aliyemchotea maji ya chokaa. Mbao ni za Amos pia, alizipigilia juu ya magogo kuzuia baridi.

Pruitt alikwenda kupiga magoti nje, penye shina la dohani, na suruali yake nzuri. Juu, mawe yalichongwa yakanyooka kama meno. Chini, kiasi cha shibiri tatu, yalikuwa ghafi, hayakuchongwa, na chokaa imechuruzika bila kufutwa.

"Huyu fundi hapa hakumaliza kazi," Bi Crump alisema.

"Alimaliza," Pruitt akasema polepole. "Fundi hapambi kitakachofukiwa. Huu ulikuwa msingi. Ulikuwa chini ya ardhi."

Bi Verdelle akawafungulia mlango. Kwenye kizingiti magogo yalionekana, meusi, yamechongwa kwa shoka, mtu yeyote angeyaona akishuka garini. Pruitt alitoa kalamu akakata maneno mawili ya taarifa yake ya kwanza, akaandika mengine pale pale amesimama. Safari hii aliuliza jina la Isom linaandikwaje.

Barua ilifika Desemba. Nyumba imeorodheshwa; barabara itapinda. Mwishoni kamati ilimshauri mwenye nyumba apande nyasi ili udongo usiendelee kuondoka.

Alimsomea Earnestine kwenye simu, mara mbili.

"Shangazi, sasa utapanda?"

"Wamekuja kuona kazi ya fagio, halafu wanataka nilitupe."

Kipandio cha Amos kilikuwa kimeanza kuwa kirefu kwa magoti yake. Hilo alilijua tangu kiangazi. Wiki iliyofuata alimwita fundi mawe, akachagua jiwe mwenyewe, akamsimamia fundi mpaka lilipokaa sawasawa na udongo. La nne. Kisha akachukua fagio, akaanza barazani, akifuta nyayo za fundi.