Jumapili Katika Kalenda

Kabla ya shefu mpya kufika, kila kitu katika biro yetu, yaani ofisi yetu ya Bunia, kilipitia kwangu. Mimi ndiye niliyejua gari lipi limeenda Niania na lipi limekwama kwenye matope, nani yuko likizo, nani anangojewa na wanakijiji kwa ajili ya kisima kilichoharibika. Nilikuwa sekretere wa shirika dogo la kutengeneza visima. Mtu akiingia asubuhi alisimama kwanza mbele ya meza yangu, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua siku yake itakwendaje. Na akishasimama hapo, aliniambia pia mtoto wake ameamkaje, au mvua ya jana imebomoa nini kwake. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na mwanangu wa pekee anafanya kazi Kisangani. Maneno ya asubuhi ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya siku nzima.

Shefu mpya, kijana mpole aliyetoka Kinshasa, alituwekea programu kwenye telefone. Kila safari, kila mkutano, kila likizo iko humo; mtu anafungua na kuona. Mimi alinipa kazi ya kuijaza. Nilijifunza haraka, na sitasema uongo, niliipenda. Nilichagua kijani kwa safari na njano kwa mikutano. Nikitazama wiki nzima imepangwa vile kwenye kioo cha telefone, nilijisikia mtu wa maana.

Kisha watu wakaacha kusimama mezani kwangu. Kulikuwa na dereva mmoja ambaye zamani hakuondoka bila kukaa kidogo kwenye kiti changu cha wageni. Asubuhi moja alipita akinipungia mkono tu, telefone mkononi.

"Leo unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Mahagi-Port, mama. Si weye mwenyewe uliandika?"

"Ndiyo, niliandika."

"Basi. Sasa hatutakusumbua tena."

Alisema kwa wema, kama mtu anayenitua mzigo. Nikasikia gari likiwaka uani, kisha geti likifungwa. Shefu alipotoka ofisini kwake aliniambia, "Mama, ona biro imetulia." Kweli ilikuwa imetulia. Nilisikia hata jenereta la duka la jirani.

Nilifikiri kitu kinachowapanga watu wote wale kinaweza kutupanga hata siye wawili nyumbani. Mwanangu alikuwa akinipigia simu pale anapokumbuka, na kukumbuka kwake kulikuwa kwa nadra. Alipokuja kwa Noeli nilimwomba aniwekee kalenda moja ya kwetu, mimi nione yake, yeye aone yangu. Alicheka. "Mama, umekuwa mutu wa kisasa." Aliiweka tukiwa tumekaa sebuleni kwangu, mtaa wa Nyakasanza, akanionyesha mahali pa kuandika.

Aliporudi Kisangani nikaanza kuandika. Misa ya baba yako. Mama kwa daktari wa macho. Leo nimepika sombe, yale majani ya muhogo unayopenda. Hii ya mwisho haikuwa na haja ya kuwa kwenye kalenda, najua. Yeye hakuandika kitu. Nilipitisha kidole kwenye mwezi mzima na kukuta maneno yangu tu.

Lakini akaanza kunipigia simu kila Jumapili baada ya misa. Nilifurahi mno. Sikusimama tena nje ya kanisa na wamama wengine. Nilichukua moto ya kwanza, pikipiki ya abiria, nikimbilie nyumbani, nivue viatu, nikae. Aliniuliza habari za biro, nami nikamwambia iko muzuri.

Jumapili moja tulikuwa katikati ya maongezi, nikimweleza paa linavyovuja, nikasikia kengele ndogo upande wake.

"Mama, acha niende, tutaongea tena."

"Hiyo kengele iko ya nini?"

Mwanangu hajui kudanganya. "Ni telefone. Nilijiwekea kwa kalenda yangu ya kazi. Kuita mama. Ikilia mara ya pili, muda umeisha."

"Kumbe niko kati ya mikutano yako."

"Si vile, mama. Kazi iko mingi. Bila ile ninasahau."

"Toa," nikamwambia. "Utaniita siku utakayonikumbuka mwenyewe."

Akatoa, maana ni mtoto mtiifu. Jumapili iliyofuata simu haikulia, na nyingine, na nyingine tena. Nilikaa na viatu vyangu vya kanisani, telefone kwenye mkono wa kiti. Hasira yangu haikuchukua muda mrefu; kilichobaki baada yake kilikuwa kibaya zaidi. Ningeweza kumpigia mimi. Sikutaka aone jina langu kwenye kioo na kuhema.

Mwishowe nilifungua kalenda yetu, nikaandika mwenyewe, Jumapili baada ya misa: Kuita mama. Nikachagua irudie kila wiki, ilie kwake na kwangu. Kwa rangi nilichukua kijani.

Jumapili hiyo telefone yangu ililia kwanza kengele, halafu, nikiwa bado nimeishika, ikalia simu.

"Mama, nimeona ile uliandika."

"Ndiyo."

"Haikufaa uandike weye."

"Acha hiyo. Huko Kisangani mvua inanyesha?"

Akaniambia inanyesha, na mto umejaa, na anatafuta nyumba nyingine isiyo karibu na maji. Tuliongea mpaka masikio yakapata joto. Hakuna kengele iliyotukata.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Jumapili nyingine kengele inalia na simu inafuata. Jumapili nyingine inalia peke yake, nami ninaizima, ninavua viatu na kuingia jikoni.