Nilivyoizima nyota yangu mwenyewe, Soweto Mbeya

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, na kwa jinsi ninavyoonekana mjinga humu ndani, mtajua sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Form Four, Fizikia nilipata D. Hata Mwanjelwa naenda nikifukuzwa na mke.

Mwaka jana kaka wa mke wangu, shemeji yangu mkulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, aliniachia ungo wa zamani wa TV, wa futi kumi. Nikausimika uani, nikafunga LNB, kile kichwa cha kunasa mawimbi, nikaunga kwenye laptop. Nawinda maser.

Kwa wasiojua: kule nyota zinakozaliwa kuna mawingu ya gesi. Humo molekuli za methanol zinakuza mawimbi ya redio, kila moja inaongezea sauti ileile. Hiyo ndiyo maser. Kama umbea wa Mwanjelwa, unaingia sokoni mdogo unatoka mkubwa. Kwenye screen unaona mstari mwembamba umesimama. Hata mchana kweupe.

Miezi minne sikuona kitu. Mke akaanza kuanika maharage kwenye ungo.

Oktoba, saa kumi na nusu jioni, mstari huo! Kesho yake tena. Wiki tatu mfululizo.

Ndipo shemeji akapiga simu, anautaka ungo wake aanikie mbegu za vitunguu. Nikambembeleza: njoo uone, ukiuona mstari ungo ubaki. Akakubali.

Akaja. "Kamwene shemeji! Hiyo nyota yako imeamka?"

Saa kumi na nusu, mstari ukasimama. Shemeji akavua kofia. "Aisee. Basi baki nao."

Ningenyamaza tu, wakuu.

Ila kuna kitu nilikuwa nakikwepa. Nyota hutangulia dakika nne kila siku. Kwa wiki tatu ilipaswa iwe imewahi zaidi ya saa nzima. Yangu inaripoti saa ileile kama karani.

Na mwenye ratiba ya saa kumi na nusu namjua. Jirani, Mama Tumaini, na tamthilia yake. King'amuzi kikiwaka huvujisha mawimbi ya redio, na chake kimetenganishwa na uani kwangu kwa ukuta tu.

Nikamwacha shemeji kwenye laptop, nikaenda kugonga.

"Mama Tumaini, naomba uzime king'amuzi dakika moja."

"Baba Neema, leo ndiyo wanafumaniana, halafu nizime?"

"Moja tu, dada."

Akasonya, akazima.

Shemeji akapaza sauti kutoka uani: "Shemeji, nyota imekufa!"

Mama Tumaini akawasha.

"Imefufuka!"

Hakunicheka mbele ya dada yake, hapo namheshimu. Kesho yake ungo ulipanda Fuso kurudi Ruaha Mbuyuni.

Nimechoka, wakuu, na si kwa ajili ya ungo. Zile dakika nne nilizijua tangu wiki ya kwanza, nikajifanya sizijui. Ukikitamani kitu sana, kikague mara mbili kabla hujaita watu.

Mwenye ungo usio na kazi, au kicheko alichokibana, uwanja ni wenu. Taratibu lakini, mke anasoma comments.