Mzee Norman Aliniambia Niandike, Mimi Nikaandika Yangu

Kuna farasi aliungua hadi kufa huko Uingereza mwaka 1947. Mama yangu mzazi alikuwa hajazaliwa.

Mwaka jana farasi huyo alinifuata mpaka hapa Sydney, na hadi leo sijakaa sawa.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Naitwa Jepchumba, mtu wa Kapsabet. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, si mbali na stesheni ya Lidcombe. Kuogesha, kuvalisha, kulisha, kupiga stori. Hiyo ya mwisho haimo kwenye mkataba, lakini ndiyo ninayoiweza kuliko zote.

Mzee niliyempenda zaidi pale alikuwa Norman. Miaka themanini na saba, Mwingereza aliyehamia huku akiwa kijana, fundi umeme mstaafu. Mikono ilitetemeka na macho yalikuwa yamechoka, ila kichwa kilikuwa sawa kuliko changu. Mke alishafariki. Mtoto alikuwa na mmoja tu, binti anayeishi Perth, aliyekuwa akimpigia simu kila Jumapili.

Norman alikulia kijiji kimoja cha Uingereza kinachoitwa Wendlebrook. Akianza kukisimulia, unakaa. Duka la mikate, kengele ya kanisa, mwaka ule theluji ilipofunika madirisha, watoto wakienda shule na kiazi cha moto mfukoni cha kupashia mikono. Mimi niliyekua nikidhani Uingereza yote ni majumba ya wafalme, nilishangaa kusikia kwamba walichota maji kisimani na kutega sungura.

Siku moja nikaingia Facebook, nikapata kundi la watu wa kijiji hicho. Wazee watupu, wametapakaa dunia nzima, wanabandika picha za zamani na kukumbushana utoto. Nikamfungulia Norman akaunti kwenye tablet yake. Yeye anasema, mimi naandika.

Mzee akawa staa. Watu walingoja stori zake. Meneja wetu akafurahi, akatupiga picha mimi na Norman mbele ya geti lenye jina la nyumba, akaiweka kwenye jarida la nyumba. Nami nikaibandika kule kwenye kundi. Sitawadanganya, nilijiona.

Kisha mtu akabandika picha ya banda lililoungua.

Lilikuwa banda la farasi wa muoka mikate. Farasi jike, jina lake Duchess, aliyekuwa akivuta mkokoteni wa mikate asubuhi, na watoto wote walimpenda. Chini ya picha watu waliandika kwamba aliyelichoma ni yule mtukutu Cyril Tapp, na kwamba alichukuliwa akapelekwa kwenye nyumba ya watoto watundu. Wengine wakaweka emoji za kucheka.

Nikamsomea Norman. Akaniambia nizime tablet. Chai yake hakuigusa.

Kesho yake alasiri akanishika mkono. Alisema kwa Kiingereza, mimi nawawekea Kiswahili.

"Binti, leo utaandika jambo, na usiache hata neno moja."

Akasema. Aliyewasha moto ni yeye. Aliiba kiko cha baba yake, akajificha bandani kukijaribu, nyasi kavu zikashika, akatimua mbio. Na baba yake ndiye alikuwa polisi wa kijiji. Alipoulizwa nani kafanya hivi, Norman akataja jina la rafiki yake Cyril, mtoto aliyelelewa na bibi yake, maskini, asiye na wa kumtetea. Wiki hiyohiyo gari likaja kumchukua Cyril. Norman aliona kila kitu akiwa dirishani kwao. Hawakuonana tena.

"Weka jina langu lote," akasema. "Sitaki kufa na hili. Waambie Cyril hakufanya kitu."

Nikamwambia nimeelewa. Nikainamia tablet, vidole vikagoma.

Jamani, mnajua tulivyolelewa. Kwetu mzee aliyekosea haanikwi. Wazee wanaitana, mlango unafungwa, jambo linasemwa humo ndani na linaishia humo. Sasa mimi, mtoto wa watu, ndiye nitandaze aibu ya mzee mbele ya watu wanaoweka emoji za kucheka? Binti yake aisome huko Perth? Na lile jarida lenye sura yangu na yake, watu wataliangalia vipi?

Hiyo ya jarida wakati ule niliificha. Leo naisema.

Nikaandika hivi: "Namkumbuka sana Duchess. Cyril alikuwa mtundu, lakini alikuwa mtoto tu. Mungu amsamehe."

Nikabonyeza. Nikamwambia Norman tayari, nimeandika yote.

Majibu yakamiminika, na mioyo myekundu juu yake. Nikawa namsomea moja moja. Una roho nzuri, Norman. Alikuwa mtoto, yameshapita. Sisi sote tumesamehe.

Sikuongeza hata neno katika kusoma. Ila waliyekuwa wakimsamehe ni Cyril.

Norman alilia mpaka shati likalowa. Akaniuliza kama kweli hakuna hata mmoja aliyekasirika. Nikamwambia hakuna. Jioni ile alimaliza chakula chote, akaomba kuongezwa.

Nikajipongeza. Nilidhani nimeua ndege wawili kwa jiwe moja: mzee ametua mzigo, na jina lake liko safi.

Siku chache baadaye nikamsimulia Anésie, mfanyakazi mwenzangu. Anésie ni Mrundi aliyekulia kambi za Tanzania, anaishi Fairfield, mtu wa maneno machache. Nilitegemea atanisifu. Akaacha kutafuna.

"Na ule mutoto walisingizia, iko wapi sasa?"

"Atakuwa alishakufa zamani."

"Nani alikuambia amekufa?"

Nikamwambia asinitie presha, haya ni mambo ya Wazungu wa miaka hiyo. Akafunga kopo lake la chakula akarudi kazini.

Ningeweza kurekebisha siku ileile. Tablet ilikuwa chumbani kwa Norman, Norman alikuwa hai, na kila nilipoingia aliniuliza kama kuna mtu wa ukoo wa Tapp ameandika. Nikawa namjibu bado, Mzee. Nilikuwa naogopa. Kuandika upya kulimaanisha kumwambia Norman kwamba nilimdanganya, na kwamba machozi yale aliyalia bure.

Mwezi wa saba Norman akafariki usingizini, baada ya chakula cha mchana.

Binti yake akaja kutoka Perth. Alinikumbatia kanisani, akasema asante kwa kumpa baba amani, miezi yake ya mwisho alikuwa mtu mwingine. Nikapokea asante ile. Sikulala vizuri wiki nzima.

Wiki chache zikapita. Siku hiyo nilikuwa nakunja mashuka, mapokezi wakaniita. Kuna mgeni wa Norman.

Nikaenda nikijua ni rafiki ambaye hajapata habari. Nikamkuta mzee mrefu, kofia mkononi, ameegemea kigari cha kutembelea. Pembeni yake msichana, mjukuu wake. Wametoka Penrith, pembezoni mwa Sydney, kwa treni.

"Naitwa Cyril Tapp," akasema. Lafudhi yake ilikuwa ya Kiaustralia kabisa.

Nikashika kaunta.

Mjukuu akaeleza. Alikuwa akitafuta asili ya babu yake, akalipata kundi la Wendlebrook, akakuta maneno ya Norman. Akaona na picha yetu ya getini, akashangaa kumbe mtu huyo yuko Sydney hiihii. Babu alikaa na jambo hilo siku nyingi kabla ya kukubali kuja.

Nikawaambia Norman amefariki. Cyril akakaa kwenye kiti polepole.

Akaanza kusema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. Gari lilimpeleka kwenye nyumba ya watoto. Mwaka haukuisha akapakiwa melini na watoto wengine, wakaambiwa wanaenda nchi ya jua na machungwa. Akalelewa shambani huku Australia, ndani kabisa, nyuma ya milima, kwa kazi na viboko. Bibi yake hakumwona tena. Alikuja kusikia baadaye kwamba alikufa akimwita.

"Nilimwona Norman akitoka bandani," akasema. "Mimi niliingia kumfungulia farasi, nikashindwa. Ndiyo maana walinikuta na nguo zilizoungua."

"Kwa nini hukumtaja?" nikauliza. Swali lilinitoka tu.

"Alikuwa rafiki yangu. Nilijua baba yake angemuua kwa kipigo. Nikadhani atasema mwenyewe kesho yake." Akageuza kofia mkononi. "Miaka yote nilidhani atasema. Halafu nikasomewa kwamba ananiombea Mungu anisamehe."

Nililia pale mapokezi, na sare yangu na beji yangu. Nikamwambia kila kitu. Kwamba Norman alikiri, neno kwa neno. Kwamba alitaka jina lake lote liwekwe. Kwamba maneno yale ya msamaha niliyatunga mimi, kwa mkono wangu, nikimlinda mzee ambaye hakuomba kulindwa. Nikamwambia habari ya kiko, ya dirisha, ya kila siku kuuliza kama kuna mtu wa ukoo wa Tapp ameandika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipigapiga mkono taratibu.

"Wewe ni binti mwema. Mke wangu naye alikaa nyumba kama hii mpaka alipofariki. Kila siku akimuulizia mama yake aliyekufa zamani, wahudumu walimwambia yuko njiani anakuja. Naijua kazi yenu."

Nikaapa. Nikaita jina la Mungu. Akatabasamu, akamwambia mjukuu waende, wasije kukosa treni.

Hakuniamini. Alidhani nampooza.

Jioni ile niliingia kwenye akaunti ya Norman nikaandika ukweli wote kwenye kundi. Haukumaliza hata saa moja, wasimamizi wakaufuta, wakasema kuna mtu anachezea jina la marehemu. Binti yake wa Perth akabadilisha password. Akaniandikia kwamba baba yake hangeweza kufanya unyama huo, na nisimtafute tena. Nikaitwa ofisini nikapewa barua ya onyo. Sikubisha, kwani ningebishia nini?

Nikaomba kujiunga na kundi kwa jina langu mwenyewe. Wakanikatalia, mimi si mtu wa Wendlebrook.

Nimeenda Penrith mara kadhaa. Cyril ananikaribisha vizuri, ananitengenezea chai mwenyewe. Kila nikianza yale mambo, ananiambia asante binti, inatosha. Anésie nilimwambia yote. Hakunisuta, na ningependa angenisuta.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hii ya wazee, na hata wewe unayemwandikia mama ujumbe nyumbani, nisikilizeni. Mtu akikupa maneno yake uyapeleke, yapeleke yalivyo. Usiyapunguze makali ukidhani unamheshimu. Mimi nilimwonea Norman aibu ambayo yeye mwenyewe alishaimaliza, na aliyelipia ni mtu ambaye sikujisumbua hata kuuliza kama yuko hai.

Maneno yangu bado yako kule chini ya picha, kwa jina la Norman, na siwezi kuyafuta. Mjukuu aliniambia kwamba Jumapili baada ya chakula babu humwomba amfungulie ukurasa ule, amsomee, aone kama kuna mtu ameandika kitu kipya.