Sukari ya Wadhamini

Reverien Ndayikeza wa Heru Juu alikuwa mtu wa kutegemewa kwa kila jambo, isipokuwa kusema mambo kwa ufupi.

Kwa msiomfahamu, ndiye yule mrefu aliyekuwa akifunga muziki kwenye harusi za Kasulu na vijiji vyake, nyaya shingoni kama hirizi za mganga, spika limefungwa nyuma ya pikipiki. Mwaka ule wa 2013 alikuwa amechoka, jamani. Jumamosi baada ya Jumamosi, wenzake wako na watoto wao, yeye yuko Manyovu anakunja nyaya za sherehe ya watu. Ikafika siku binti yake mdogo akamwita "mjomba". Mkewe, Esteri, akacheka. Mtoto aliporudia kesho yake, Esteri hakucheka.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba shule moja ya wasichana kule Kibondo imejenga ukumbi wa maigizo na ngoma, inatafuta fundi wa kudumu wa sauti, taa na jukwaa, na nyumba ya kuishi na familia ipo, Esteri aliinuka akaenda kupiga pasi shati la mumewe.

Reverien akaandika maisha yake kwa mkono, akazipeleka karatasi kwa Shadia, binti mwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Kasulu. Shadia ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole, na vidole vyake vilichapa kama mvua kwenye bati.

"Kaka Reve, hii ni nini?"

"CV."

"Umeanza na ubatizo. Hii ni CV au maungamo?"

"Si uliniambia niandike maisha yangu?"

"Yanayowahusu! Hawa wanatafuta fundi wa ukumbi. Wewe hapa umefyatua matofali, hapa umedaka mpira, hapa umelima maharage."

"Ni kazi hizo."

"Ni kazi, ila siyo kazi yao." Akafuta matofali. Reverien akayaaga kwa macho, maana yalikuwa matofali mazuri.

Shadia akafika mwisho kabisa wa karatasi. Akamgeukia. "Kumbe ulikaa kambini kwa wakimbizi na kundi la maigizo la shirika la afya? Unawafungia pazia, unapanga spika, unawasha taa kwa jenereta?"

"Ndiyo. Miaka kadhaa."

"Na umeiweka chini ya golikipa?"

"Golikipa ilitangulia."

Shadia akashika kichwa. Maigizo ya kambini akayapandisha juu kabisa. Kisha akauliza kuhusu nyumba ya katekista aliyoiezeka. "Ulipanda juu?"

"Sasa ningeezeka nikiwa chini?"

"Basi hiyo inabaki. Taa za jukwaa ziko juu, wanataka mtu asiyeogopa ngazi." Akaichapa hivyo. Reverien akaanza kuelewa kwamba mambo ni yale yale, ila yanageuzwa uso kumwelekea anayesoma.

Kilichowagombanisha ni harusi ya Munanila. Pale bwana harusi alipokuwa anamlisha mkewe keki, spika alilokodi Reverien lilianza kutoa moshi. Wageni wakadhani ni urembo, wakapiga makofi mpaka likawaka.

"Nani alikutuma uandike makosa?" Shadia akauliza.

"Watajua tu."

"Watajulia wapi? Munanila na Kibondo!" Akaifuta Munanila yote, pamoja na keki.

Chini kabisa wakaweka wadhamini watatu: Mzee Khatibu, mfanyabiashara wa kukodisha maturubai, viti na spika, Mama Uwimana, kiongozi wa kwaya, na Mwalimu Evaristi, mstaafu aliyemfundisha darasa la saba.

Shule ilipompigia simu kwamba aende Alhamisi, Shadia akamkumbusha, "Waambie wadhamini wako. Wasije wakashtuka wakiulizwa."

Sasa Reverien ni mtoto aliyelelewa. Mtu wa aina hiyo hapigi simu kuomba jambo zito. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kilo ya sukari, akakaa, akauliza habari za mifugo, akakohoa, kisha akasema, "Nimekuja kuwaomba mnisemee."

"Lini, mwanangu?"

"Alhamisi. Kibondo."

Wakapokea sukari. Naye akarudi nyumbani moyo umetulia, hajui alichokianzisha.

Alhamisi akaketi mbele ya mkuu wa shule, Madam Immakulata, mwanamke mwenye miwani na uso usiotoa majibu. Reverien alijibu vizuri habari za kambini na za ngazi. Madam akafunga faili. "Haya. Wadhamini wako nitawapigia."

Mlinzi akachungulia. "Madam, kuna wazee nje. Wanasema wamekuja kwa ajili ya kijana wao."

Jasho likamtoka Reverien mpaka kwenye soksi. Wakaingia: Mzee Khatibu kwa kanzu na koti, Mama Uwimana na kitenge cha kwaya, Mwalimu Evaristi na tai yake ya enzi za ualimu. Walikuja na kanta ya Khatibu, lori lake dogo la kubebea viti, na nyuma yao dereva akaingiza viti vitatu vya plastiki, kwa sababu Khatibu hakuwa na hakika kama shule ina viti.

"Mwakeye, mama!" Evaristi akaamkia kwa Kiha, akaketi. "Sisi ndio wenye mtoto."

"Wazee wangu, nilikuwa niwapigie simu tu," Madam akasema.

"Ametuletea sukari," Evaristi akasema kwa upole, kama anayemweleza mgeni. "Ukila sukari ya mtu, humsemei umelala kwako. Na kwetu anayemsemea mtu husema na kasoro, kesho msije mkatuambia tuliwaficha. Mama Uwimana, anza wewe."

"Haji kula ukimwita," akasema Mama Uwimana. "Utasikia 'bado waya mmoja'. Na msimwimbishe. Mimi nilimjaribu, kwaya nzima ikapotea njia."

Mzee Khatibu akavua kofia. "Mimi aliniunguzia spika Munanila."

Reverien akafumba macho. Akaiona nyumba ya Kibondo ikiondoka, na Esteri ndani yake.

"Asubuhi natoka kuswali," Khatibu akaendelea, "namkuta barazani kwangu, ameketi na lile spika miguuni. Sikumwita. Nina mafundi walioniharibia kidogo tu, mpaka leo wakiniona wanabadili njia. Huyu alikaa hapo mpaka likaimba tena. Hayo ndiyo yangu."

Madam akavua miwani. "Kijana, Munanila mbona haimo kwenye CV?"

"Ilifutwa, Madam. Na matofali pia."

Hapo uso wa Madam ukavunjika kwa kicheko. Akapangusa macho. "Wazee, ukumbi ule funguo zake atashika mtu mmoja, na mimi silali kwa hofu. Jana nimempigia mdhamini wa mwombaji mmoja, akasema hamjui. Wa mwingine alikuwa mwombaji mwenyewe, amegeuza sauti tu. Huyu nikimpa funguo, akanipotea?"

"Utatukuta Kasulu," wakasema wote watatu.

"Basi aje na familia yake."

Reverien alitaka kushukuru, lakini Evaristi alimnyamazisha kwa mkono; mwenye kusemewa hasemi. "Mama, tumewaachia. Mkimchoka, msimtukane. Mrudisheni kwetu alivyo. Sasa, chai iko wapi?"

Kanta ilipokuwa inatoka Kibondo, Reverien akampigia Esteri. Kabla hajafungua mdomo, Khatibu akamnyang'anya simu.

"Tumepata, binti yangu! Funga mizigo. Na tukija kutembea, sukari mnatudai!"

Muhula uliofuata, wasichana wakifanya mazoezi ukumbini, kitoto kilikuwa kinaketi kiti cha mbele, kikinyoosha kidole juu ya ngazi kumwonyesha kila anayepita.

"Yule baba yangu. Mama anamwita akale, anasema bado waya mmoja."