Nyasi za Semina

Majirani walimwita Semina, na jina likamkaa kama nguo ya kushonesha. Kwa miaka mingi yeye na mkewe walifanya kazi kwenye shirika la misaada. Mke aliandika ripoti; mume aliendesha semina za kufundisha wakulima kuchanganya miti, mboga na nafaka vilindane kama msituni, bila kuuchosha udongo. Wakimaliza walipiga picha, wakapanda gari, wakaenda kijiji kingine. Mwishowe mume akasema amechoka kuhubiri asichokitenda. Wakanunua shamba dogo kwenye mteremko, wakahamia.

Mke alikubali kwa sharti. Bosi wake alimwekea kiti mpaka mvua ziishe. Maharage yakistawi, anabaki. Yasipostawi, anarudi ofisini, na mume atajuana na mteremko wake.

Semina alipanda maharage, akayafunika matuta kwa nyasi kavu, nene kama godoro, ili unyevu usitoroke. Nyasi zenyewe alizikata kando ya barabara zikiwa zimekomaa, mbegu zi vichwani. Hilo hakuliona. Kwenye semina zake nyasi zililetwa na wenyeji.

Mvua ikanyesha, matuta yakawa kijani tupu. Akamwita mkewe aje aone. Mke akainama, akatenganisha kwa vidole. Kila mche wa maharage ulikuwa umezingirwa kama bibi harusi na mashangazi.

"Mwenzangu, hizi ni nyasi zako, zimeota."

Jirani mwenye mbuzi alikuwa ameegemea ua. "Shemeji Semina, mbuzi wangu wanauliza karamu ni lini."

"Waambie kadi zinachapwa," mke akamjibu.

Semina hakucheka. Alinyoosha mkono upande wa juu wa shamba. "Tuseme ni changamoto. Hapa tuache, tuanze upya kule."

Neno hilo mke alilijua. Alikuwa ameliandika kwenye ripoti mara nyingi kuliko jina lake. Mradi ukikwama waliita changamoto, wakahama. Yaliyobaki nyuma hakuwahi kujua yaliishia wapi.

"Na kule utafunika na nini?"

Semina akazitazama nyasi za kando ya barabara.

"Basi chuchumaa. Wewe anzia mwisho ule. Ng'oa na mzizi."

Walikuwa bado hawajakutana katikati ya tuta simu ya mke ilipolia, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mikono yake ilikuwa matope matupu. Semina akaipangusa yake kwenye suruali, akapokea, akasikiliza, kisha akaifunika simu kwa kiganja.

"Bosi wako. Kuna mtu anakitaka kile kiti, hawezi kungoja mvua ziishe."

"Ampe."

"Maharage yenyewe hatujayaona yakistawi."

"Ndiyo maana. Nikiondoka leo, nani ataniambia yaliishaje? Wewe? Wewe utaniambia changamoto."

Semina akairudisha simu sikioni, akakohoa kidogo. "Kwanza kabisa, kwa niaba ya familia, ningependa kuchukua nafasi hii..."

"Fupisha," mke alisema. Akavuta shina jingine la nyasi. Likakatikia mkononi, naye akaingiza kidole ardhini kuutafuta mzizi.